Kubeba akiba safarini si kukosa imani

Mdogo wangu, unauliza kama kubeba pesa ya akiba kwenye treni ya Kigoma ni kumtilia Mungu shaka, maana mchungaji wako kasema uende kwa imani tu. Beba. Tena beba na chakula.

Soma Luka 22:35-36. Yesu anawauliza wanafunzi kama walipungukiwa na kitu alipowatuma bila mfuko, wanajibu hapana. Mstari unaofuata anawaambia mwenye mfuko auchukue! Wahubiri wengi huuruka huo wa pili.

Mimi niliibiwa pochi kabla ya kufika Dodoma, nikiwa na mtoto mgongoni, na kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Nilinyamaza kwa aibu mpaka Saranda, wenzangu wakinunua kuku dirishani. Mama mmoja wa Kiha aliyeketi mbele yangu akanikatia paja, wala hakuuliza kitu. Tabora akamnunulia mtoto maziwa. Kigoma akanilipia na nauli ya daladala. Nikamwomba namba ya simu nimrudishie, akacheka tu.

Basi gawa pesa zako: nyingine kwenye simu, nyingine zifunge kwenye khanga kiunoni. Usiweke mzigo karibu na dirisha treni ikisimama usiku. Na ukiishiwa, sema; mimi ningekula mapema kama ningefungua mdomo.

Halafu ongeza maandazi kidogo, huenda safari hii atakayeibiwa ni jirani yako.