Jibu: Msaidizi wa profesa anaweza kuazima vitabu kwa niaba yake?

Dada, umeuliza kama unaweza kumwazimia profesa vitabu na kumtafutia makala bila kutumia kadi yake. Nenda kaunta ya kuazimisha vitabu uulizie utaratibu wao. Vyuo vingine hutaka barua tu yenye saini yake. Ila kitabu kikichelewa, faini huenda ikamwangukia yeye, kwa hiyo andika tarehe.

Makala ni rahisi zaidi. Kama chuo chenu kimesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala za kitaaluma bure au kwa bei nafuu (Hinari, mkusanyiko wa makala za afya wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ulioanza 2002, umo humo), nywila ni ya taasisi, na wewe mfanyakazi una haki nayo. Muulize mkutubi. Nywila ya barua pepe ya profesa usiiguse, hata akikubembeleza! Marejeo yapange kwa Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, ni bure, la sivyo utakesha ukihesabu koma.