Je, tuivunje mihrabu ya msikiti wetu wa kale?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mjumbe wa kamati ya msikiti katika mji mdogo wa pwani ya Tanzania Bara. Msikiti wetu ni wa mawe, wa zamani sana. Mihrabu yake, kile kidaka cha ukuta wa kibla anamosimama imamu, imechongwa kwa matumbawe, na pembeni kuna matundu yaliyokuwa na bakuli za Kichina. Nje ya ukuta wa kibla yapo makaburi ya kale, mojawapo lina nguzo ndefu. Kijana wetu mmoja aliyerudi masomoni anasema mihrabu ni bidaa, yaani uzushi katika dini, iliyoigwa makanisani, na kwamba kuchora na kuchonga kwa ajili ya ibada ni kazi ya washirikina tangu enzi za mapango. Kamati imekubaliana naye: mihrabu ivunjwe, nguzo ya kaburi iondolewe, ukuta usawazishwe na uwekwe vigae vya rangi. Fedha zitatoka kwenye kodi ya maduka ya wakfu. Wazee wamekasirika. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu muulizaji. Natanguliza jibu kabla fundi hajafika: msivunje. Sasa nikueleze kwa nini, maana kijana wenu hakukosea kila kitu, na si vizuri kumjibu kwa hasira za wazee.

Amesema kweli kwamba binadamu tangu zamani za kale huchora na kujenga kufuatana na anachokiamini. Nenda Kondoa, kwenye miamba ya Kolo, utaona michoro ya watu na wanyama kwa rangi nyekundu, na hadi leo wapo wakazi wa huko wanaofanya matambiko ya mvua mahali hapohapo. Nenda Misri: mahekalu ya mafarao yalijengwa ili kila chumba unachoingia kiwe kidogo na chenye giza kuliko kilichotangulia, sakafu ikipanda na dari ikishuka, mpaka ufike chumba cha mwisho kabisa chenye sanamu ya mungu wao. Humo mtu wa kawaida haingii, ni makuhani tu. Njoo karibu zaidi, Lalibela nchini Ethiopia, ambako Wakristo wa karne ya 12 na 13 walichonga makanisa 11 ndani ya mwamba mzima. Kanisa la Kiethiopia nalo lina sehemu ya ndani kabisa wanamoweka kibao chao kitakatifu kiitwacho tabot, na wasio mapadri hawaruhusiwi kuingia.

Ukitaka kujua jengo la ibada linasema nini, basi tazama kilichowekwa mahali pa ndani kabisa, kule macho ya watu wote yanakoelekezwa. Tufanye hivyo kwa msikiti wenu. Ingia, pita safu zote, fika ukuta wa kibla, chungulia ndani ya mihrabu. Kuna nini? Hamna kitu. Hakuna sanamu, picha, sanduku wala masalia ya mtu. Ni nafasi tupu inayoonyesha upande wa Makka, na ndani yake anasimama imamu ambaye kesho anaweza kuwa mwingine, awe mvuvi au muuza duka, ili mradi anajua kusoma na ana sifa za uimamu. Kuifananisha mihrabu na madhabahu ni kutazama upinde wa nje na kusahau kilichomo.

Kuhusu umbo lenyewe, silikatai: upinde na kidaka vilikuwepo kabla ya Uislamu, makanisani na katika majumba ya wafalme. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) wakati wa uhai wake haukuwa na mihrabu iliyozama ukutani. Ibn Umar (r.a.) anasimulia, kama alivyopokea Bukhari katika mkusanyiko wake wa hadithi, kwamba ulijengwa kwa matofali ya udongo, paa lake makuti ya mtende na nguzo zake magogo ya mtende. Abu Bakr hakuongeza kitu. Umar aliupanua lakini akaujenga upya kwa vifaa vilevile. Kisha Uthman akaubadilisha: kuta zikawa za mawe ya nakshi na chokaa, nguzo za mawe ya nakshi, na paa la mbao za msaji. Mihrabu iliyozama ikaja baadaye, pale Umar bin Abdulaziz alipoujenga upya msikiti huo akiwa gavana wa Madina, baina ya mwaka 88 na 91 Hijria, yaani 707 hadi 709 Miladia. Imepokewa kuwa baadhi ya mafundi walikuwa Wakopti wa Misri. Imamu Suyuti aliandika risala nzima akiiita mihrabu kuwa ni jambo lililozushwa, kwa hiyo kijana wenu hakulitoa hewani. Lakini wanazuoni wa madhehebu zote nne wamesali mbele ya mihrabu karne kwa karne bila kuziondoa, kwa sababu ni alama ya kibla, na alama ya kibla inatumikia amri ya Mwenyezi Mungu katika Suratul-Baqara aya ya 144: geuza uso wako upande wa Msikiti Mtakatifu. Mgeni akiingia hahitaji kuuliza aelekee wapi. Na imamu anaposoma akiwa ametugeuzia mgongo, ukuta ule wa mviringo hurudisha sauti yake kwa maamuma. Hii ilikuwa na maana kubwa kabla ya vipaza sauti.

Sasa tuje kwetu pwani, maana naona kamati yenu haijui ina nini mkononi.

Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine, mmoja juu ya mabaki ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa mdogo, wa miti, wa karne ya 8. Misikiti ya mwanzo haikulenga kibla sawasawa. Ya baadaye ikarekebishwa. Hebu fikiria watu wachache wa karne ile, hawana dira wala ramani, wanajenga, wanabomoa na kujenga tena mahali palepale, na kila mara wanajitahidi kuuelekea mji ambao wengi wao hawatauona. Kwa sehemu kubwa ya pwani yetu Makka iko karibu kaskazini kabisa. Ndiyo maana kwenye magofu ya Kilwa au Kaole, hata paa likiwa limeanguka, ukiiona mihrabu tu unajua kaskazini ni wapi.

Mihrabu ya Kizimkazi Dimbani, Unguja, ina maandishi ya Kufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye aya za Qur'ani na tarehe: mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Msikiti wenyewe ulijengwa upya karne ya 18, lakini waliojenga upya waliiacha mihrabu. Wazee wale walikuwa na akili ambayo naiombea kamati yenu. Mafundi wa mihrabu kama hizo walizamia kutoa tumbawe laini baharini, wakalichonga likiwa bado bichi na lenye maji, kwa sababu likishakauka huwa gumu. Kazi haikungoja. Mahali ambapo mtu wa dini nyingine angechonga uso wa mungu wake, wao walichonga maneno ya Mola wao na majani na mafundo yasiyo na roho. Katazo la kuchora viumbe halikuua sanaa ya Waislamu, liliielekeza kwenye herufi.

Na si mihrabu peke yake. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti yake ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Mlangoni mwa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na watu huchota kwa chombo cha mbao kilichofungwa kwenye kijiti. Anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, kisha huifuta kwenye kipande cha mkeka mnene kilichowekwa mlangoni. Hiyo ni fiqhi ya tohara iliyogeuka kuwa jengo. Birika la msikiti wenu na yale mawe ya matumbawe ya kusugulia nyayo yanatokana na mlango huohuo wa fiqhi. (Kama kamati inapanga kuyang'oa nayo, isome jibu hili tangu mwanzo.)

Ziko na sehemu ambazo hazikuletwa na imani bali na mti. Boriti ya mkoko haivuki mbali, ni kama mita tatu hivi, kwa hiyo wazee walilazimika kusimamisha nguzo nyingi ndani, pengine hata mbele ya mihrabu yenyewe. Kifiqhi si jambo zuri, Anas (r.a.) amesema kuwa walikuwa wakiepuka kupanga safu baina ya nguzo zama za Mtume (s.a.w.). Lakini palipo na dhiki hapana ubaya, na paa lilihitaji kushikiliwa.

Nakshi je? Hapa siwatetei wazee moja kwa moja. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisema hakuamrishwa kuinyanyua misikiti juu, na amepokea pia kuwa Kiyama hakitasimama mpaka watu wafaharishane kwa misikiti. Umar (r.a.) alimwambia fundi awakinge watu na mvua, na ajihadhari na rangi nyekundu na njano asije akawafitini katika sala. Wanazuoni wengi wakachukua kwamba mapambo yanayomshughulisha mwenye kusali ni makuruhu, yaani hayapendezi ingawa si haramu. Nakshi ya tumbawe iliyopauka, isiyo na rangi, ambayo watu wameizoea maisha yao yote, haimshughulishi mtu. Vigae vipya vya rangi vinavyomeremeta usawa wa macho ya safu ya kwanza, hivyo ndivyo alivyoviogopa Umar. Mnakimbia nakshi kwa kwenda kununua nakshi nyingine, na kwa bei ya juu.

Tena kwa fedha za wakfu! Katika madhehebu yetu ya Shafii mapato ya wakfu wa msikiti hayatumiki kwa mapambo, sembuse kubomoa kilicho kizima ili kupata pa kuyaweka. Ninyi ni wasimamizi, si wamiliki. Paa likivuja, tumieni. Mkeka ukichakaa, tumieni. Fedha ya vigae irudi kwenye hesabu.

Kaburi lenye nguzo ni suala jingine. Katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza kupaka makaburi chokaa, kuyakalia na kujenga juu yake. Kwa hiyo leo msijenge nguzo nyingine, na anayekwenda pale na ubani na vitambaa kumuomba maiti aelezwe kwa upole kwamba anayeombwa ni Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini ile iliyokwisha kusimama, yenye mifupa ya Waislamu chini yake, kuibomoa kwa nyundo na sururu ni hatari ya kuwavunjia hao heshima yao, na Mtume (s.a.w.) amesema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Sala zenu kuelekea upande huo wa makaburi hazina tatizo: ukuta mzima wa msikiti unawatenga na kaburi, na hakuna anayelikusudia.

Mwisho, mambo ya kufanya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, hivyo kuyavunja bila kibali ni kosa, na Muislamu hujiepusha na kuvunja sheria isiyomuamuru maasi. Waandikieni wanaohusika na mambo ya kale waje kuutazama. Mkitaka kuziba nyufa, tafuteni fundi wa chokaa. Msipige saruji, kwa maana saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na tumbawe huanza kumung'unyika nyuma yake. Yale matundu ya bakuli yaacheni wazi, yafagiliwe tu popo na nyigu wasifanye makazi. Na huyo kijana msimuweke kando. Kama kisomo chake ni kizuri, mpeni zamu ya kusalisha Isha, asimame ndani ya mihrabu hiyohiyo.

Wallahu aalam.