Nakshi za chini ya kisanduku cha Wamaori

Kisanduku hiki cha Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, huitwa wakahuia, na kitako chake kimechongwa kwa sababu hakikukaa mezani. Kilitundikwa kwenye boriti za nyumba ya chifu, watu wakakitazama kutokea chini. Ndani yaliwekwa manyoya ya mkia wa ndege huia (aliyethibitishwa kuonekana mara ya mwisho 1907), vitana na hereni za jiwe la kijani. Na kilitundikwa juu si kwa urembo tu: kwa Wamaori kichwa cha chifu ni tapu, yaani kitakatifu chenye mwiko, na kilichokigusa nacho ni tapu, hakiachwi ovyo watoto wakakichezea. Makumbusho ya Te Papa, Wellington, wanavyo na wanaeleza hivyohivyo. Ila kisanduku chenye miguu, aghalabu ni cha baadaye, cha kuwauzia Wazungu.