Teja haachi kwa kuambiwa "acha"

Kaka, umesema mateja wa kijiweni kwenu Manzese ni wavivu tu, wangetaka wangeacha. Hapo sikubaliani nawe. Heroini ikifika kwenye ubongo hugeuka mofini, na dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta hisia ya raha, humwagika kuliko inavyotokea mtu akila chakula kizuri. Ubongo nao hujirekebisha, unapunguza usikivu wake. Baada ya muda mtu havuti tena ili apate stimu, anavuta ili asiumwe.

Arosto yenyewe, yaani maumivu ya kukosa dawa, umewahi kuiona kwa karibu? Yakipita masaa 8 hadi 12 bila unga, yaani heroini, machozi na makamasi yanamtiririka, anapiga miayo mfululizo, vinyweleo vinasimama, anaharisha, mifupa inamuuma, usiku kucha halali. Na anajua kabisa kwamba kete moja ya unga itayaondoa yote ndani ya dakika chache.

Familia nyingi humfungia teja ndani mpaka atulie. Nawaelewa, wamechoka kuibiwa masufuria, lakini ni hatari: akikaa wiki kadhaa bila unga mwili unapoteza uhimilivu, yaani ule uzoefu wa kubeba kipimo kikubwa, akitoka akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua.

Hospitali ya Muhimbili wanatoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, tangu 2011, hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata. Anainywa kila siku mbele ya mhudumu, inakaa mwilini kama siku nzima, arosto inatulia na anaweza kwenda kazini. Haitozwi hela. Kama kuna mmoja hapo kijiweni mnaelewana, msindikize hiyo siku ya kwanza, maana wengi wanaogopa kwenda peke yao.