Dokta Nijibu: Vyuma vinavyotokeza nje ya mguu

SWALI: Assalaam aleikum dokta. Mdogo wangu aligongwa na bodaboda huko Mokowe akavunjika muundi, mfupa ukatoka nje kabisa. Sa hii tuko naye nyumbani Shela, kisiwani Lamu, ana misumari minne imemwingia mguuni na paipu imepita kwa nje. Nyanya anasema hii si dawa ni adhabu, anataka tumwite fundi wa mifupa amkande na mafuta ya simsim amfunge banzi. Mbona hawakumtia plasta kama watu wengine? Na matundu yanatoa majimaji, tuyafanye nini? Na kutawadha je?
Dada mtu, Shela

JIBU: Waleikum salaam dadangu, mpe nyanya shikamoo yangu na umwambie hivi. Mfupa uliotoboa ngozi umeshagusa mchanga na uchafu wa barabara, sasa ukiufunika na plasta kidonda kinaozea mle ndani na hamna anayekiona, na ukitia chuma cha ndani siku hiyo hiyo unaweza kuwafungia wadudu humo humo. Ndo maana wakapiga misumari mbali na kidonda, miwili juu ya pale pavunjika na miwili chini, wakaishika na paipu kwa nje, mfupa umetulia na kidonda kiko wazi kinaoshwa. Mara nyingine vyuma hivi ni vya muda tu, kidonda kikitulia wiki moja mbili mgonjwa anarudi tieta anatiwa chuma cha ndani, mara nyingine vinakaa miezi mpaka mfupa ushike. Muulizeni daktari aliyempasua, hivi ni vya kukaa ama vya kupitia? Watu wengi wanatoka spitali bila kuuliza hilo, ati wanaona haya.

Sasa matundu, hapo ndo penye kazi, na kazi yenyewe ni yenu nyumbani si ya daktari. Chuma kinashika mfupa vizuri tu, lakini pale kinapopenya ngozi ni mlango umeachwa wazi, na shida nyingi za vyuma hivi zinaanzia hapo. Majimaji mepesi kidogo siku za mwanzo na ukoko mwembamba si neno. Nawa mikono na sabuni, chemsha maji, kila nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, kisha safisha kila tundu na pamba yake, usitoe pamba huku ukaipeleka kule. Maji ya bahari hapana hata kama mzee fulani alipona nayo. Kama spitali waliwapa dawa yao ya kusafishia na siku za kusafisha, fuateni ya spitali. Simsim, habasoda, unga wa kahawa, jivu, vyote viwe mbali na tundu.

Ukiona usaha, wekundu unaotambaa, joto, msumari unacheza ama homa, usingoje siku ya klinik. Na vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi ama vikifa ganzi, hiyo ni usiku huo huo, tafuteni boti.

Huyo fundi simdharau, wako wanaojua kutuliza mkono ulioteguka kushinda vijana wetu wengi, lakini mfupa uliotoka nje haukandwi, ukiukanda unausogeza. Na nati zikilegea msichukue spana ya fundi wa mashua, najua Lamu kila nyumba ya pili ina fundi, nati hizo anakaza aliyezifunga.

Kutawadha, muulizeni imamu wenu juu ya hukmu ya jabira, kupangusa juu ya kilichofungwa, mlango upo. Mvalisheni kikoi, suruali haipiti. Wayo uvutwe na kitambaa kuelekea kwake mara kwa mara kutwa, la sivyo kifundo kinakakamaa na vidole vinaelekea chini, atakuja kupona mfupa akashindwa kukanyaga. Kutembea na magongo ni mpaka aruhusiwe, na vichochoroni awe nyuma ya mtu manake punda hajui kupisha mgonjwa. Samaki, maharagwe, maziwa ale. Sigara aache kabisa, inachelewesha mfupa kushika.

SWALI: Dokta, mwanangu alivunjika paja zamani ukashika vibaya, mguu mmoja mfupi. Nimesikia kuna vyuma vya duara vinarefusha mguu, ni kweli ama ni maneno ya baraza?
Baba mtu, Malindi

JIBU: Ni kweli mzee wangu. Alivibuni daktari wa Urusi, Gavriil Ilizarov, kule Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Ni pete za chuma zinazozunguka mguu, na nyaya nyembamba za kama milimita 1.5 hadi 1.8 zinapita kwenye mfupa zikiwa zimekazwa kama spoki za baiskeli. Mfupa unakatwa kwa uangalifu, wanangoja siku chache, halafu nati zinazungushwa mfupa uachane milimita 1 kwa siku, tena kwa mafungu manne ya robo robo, na kwenye mwanya huo mwili wenyewe unaota mfupa mpya. Ulaya Magharibi walikuwa hawana habari nayo sana mpaka Carlo Mauri, mpanda milima wa Italia aliyekuwa na mguu uliokataa kupona miaka na miaka, alipokwenda Kurgan 1980 akarudi mguu umepona, na mwaka uliofuata madaktari wa kwao wakamwalika Ilizarov awafundishe.

Lakini piga hesabu. Sentimita 5 ni siku 50 za kuvuta tu, halafu mfupa mpya unataka miezi mingine kukomaa vyuma vikiwa bado mguuni, na yale matundu niliyomwambia dada wa Shela hapa ni mengi zaidi, na goti likiachwa bila mazoezi linaganda. Tofauti ikiwa chini ya sentimita 2 kiatu kilichoongezwa soli kinatosha kabisa. Anzeni na kupimwa miguu yote miwili na eksirei kwa daktari wa mifupa.

SWALI: Kuvitoa hivyo vyuma vya nje kunauma?
Kijana, Watamu

JIBU: Kunauma kidogo, ni haraka, mara nyingi hulazwi usingizi, unapewa dawa ya maumivu na misumari inazungushwa nje. Matundu yanajifunga yenyewe. Kuogelea ngoja yakauke kabisa na daktari akubali.