Kusahihishiana insha: maneno machache kwa mnaoanza

Jumamosi nilipita kwenye kikao chenu cha insha nikakuta yaleyale ya enzi zetu. Karatasi zinapokezanwa, kila mtu na biki nyekundu, mwisho mmoja amenuna na mwengine anasema, "Iko sawa tu." Haya, wadogo zangu, sikizeni.

1. Soma insha yote kabla ya kushika kalamu. Najua mnaona uvivu, lakini hili ndilo lililoniponza. Kidato cha nne, mwenzangu alinipa insha ya methali: Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani uende kote uendako, mwisho utarudi ulikotoka. Kisa kitamu, kijana wa Kibokoni anakwenda Qatar kutafuta maisha. Mimi nikajiona mtahini mkuu. Nikanasa "thambi" badala ya "dhambi", nikagombana na kila koma, karatasi ikawa kama imechinjiwa kuku juu yake. Nikamrudishia, nikangoja ahsante. Kumbe yule kijana hakurudi kwao! Safari tele, marejeo hakuna. Methali imeshughulikiwa upande mmoja. Mwalimu aliisoma mara moja, akaandika pembeni, "Ngamani wapi?" na kuiteremsha kiwango cha C, kule kwa 06 hadi 10 kati ya 20. Mwenzangu aliniangalia tu. Sentensi moja kutoka kwangu, angeongeza aya mbili akaokoka. Hijai, yaani tahajia, lakini ilikuwa safi kabisa.

2. "Nzuri" si maoni. Sema aya gani imekuchosha na wapi umecheka.

3. Usimwandikie mwenzako insha upya. Kuna mmoja wenu, simtaji, anajijua. Mwenzake alianza na foleni ya feri ya Likoni, yeye akafuta, akaweka jua linachomoza na ndege wanaimba nyimbo tamu. Ndege gani Likoni? Kunguru?

4. Wewe unayesahihishwa, nyamaza. "Nilimaanisha kwamba..." haisaidii, mtahini wa 102/1, karatasi ya insha ya KCSE, hana namba yako ya simu. Andika swali la msomaji pembeni, ukarekebishe nyumbani. Wasomaji wawili wakikwama mahali pamoja, hapo pana kasoro. Akikwama mmoja, huenda ana njaa.

5. Na viazi karai vingoje kikao kiishe. Jumamosi nilisoma aya nzima ya mtu kupitia mafuta, na mpaka sasa sijui ile ilikuwa koma au ukwaju.