Njia ya Tokai, Japani: kipande gani, mwezi gani?

SWALI: Nitakuwa Japani siku kumi mwezi wa Juni. Je, naweza kuitembea njia ya Tokai yote? Nimezoea joto tu. (Msomaji, Mikindani, Mtwara)

JIBU: Yote, hapana. Njia hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1974, ina takriban kilomita 1,700, kutoka mlima Takao jijini Tokyo hadi Minoh, Osaka. Ukienda kilomita 25 kila siku bila kupumzika, ni siku 68! Chukua kipande: Takao (mita 599) hadi ziwa Sagami ni siku moja, na utapitia hekalu la kale la Yakuo-in.

Shida ni huo mwezi wa Juni. Ndiyo masika yao: matope, maporomoko ya ardhi, na huko milima ya Tanzawa, ambako njia hiyo hupita, ruba hupenya hadi ndani ya soksi. Lowesha soksi na viatu kwa maji ya chumvi kali. Mvua ikiisuuza, rudia. Heri Novemba, ingawa saa 11 jioni ni giza, kwa hiyo beba tochi. Fulana ya pamba iache Mikindani. Ikilowa jasho haikauki, na baridi itakuingia mwilini. Vaa ya poliesta, kisha sweta, juu koti la mvua.